Boti ya faiba inaingia maji na tundu silioni. Nisaidieni kabla sijaigeuza birika la punda

Kidau_Shela (mwenye uzi)

Asalaam aleikum wadau wa bahari.

Mwezi wa kumi na moja nilinunua boti ya faiba, futi 19, kwa bwana mmoja wa Malindi. Alikuwa akipeleka wageni kuvua samaki wakubwa, kisha akapata boti nyingine. Mashine ni Yamaha 40, sina neno nayo. Boti yenyewe imepigwa rangi mpya, ukiinama unaona ndevu zako. Niliipakia kwenye kenta, mkia ukining'inia nje, mpaka Mokowe. Tangu hapo nabeba abiria: Mokowe, Amu (Lamu) mjini, Shela, na mara mojamoja Manda kwa wenye ndege.

Tatizo ni ngama, lile shimo la chini yanapokusanyika maji. Nikiinua ubao wa sakafu kule tezini, nyuma, nakuta maji. Kila siku. Kufika alasiri nafua (nayatoa) lita 15, siku nyingine 20. Kizibo cha tundu la kumwagia maji nimebadilisha. Silikoni nimepaka kuzunguka kizibo, kuzunguka skurubu zote ninazoziona, na kuzunguka zingine ambazo hata sijui kazi yake. Tyubu tatu zimekwisha. Nikanunua pampu ya umeme, sasa inafanya kazi kutwa. Alhamisi betri ikanifia Mokowe nikiwa na abiria saba, na mama mmoja akaniuliza mbele ya watu: nahodha, hii ni boti ama ni chemchemi?

Nianzie wapi?

Bamvua

Umeyaonja?

Kidau_Shela

Nimeonja nini?

Bamvua

Hayo maji ya ngamani. Ya chumvi au matamu?

Kidau_Shela

Nimetoka kuonja sasa hivi, yana chumvi na ladha ya petroli. Halafu mvua zenyewe huku zimekata.

Bamvua

Basi mvua itoe. Usicheke, kuna jamaa hapa Amu alihangaika masika nzima akitafuta ufa chini, kumbe mvua inamwingilia kwenye mfuniko wa sanduku la omo, kule mbele, na kuteremka mpaka tezini. Maji ya boti yote huishia tezini hata yakiingilia wapi. Unapoyakuta sipo yalipopita.

Nahodha_Kizingitini

Mwanangu, iache majini wiki nzima usiipandishe pwani. Chombo kikikaa juu kinakauka kinaanza kuvuja. Kikivimba kitajiziba chenyewe. Ndivyo tulivyolelewa.

MjukuuWaMatondoni

Shikamoo mzee. Kwa chombo cha mbao maneno yako ni dhahabu. Babu yangu ni fundi wa majahazi na ndivyo asemavyo: ubao hunywa maji, hujaa, hubana kalafati, ile pamba ya kuziba viungo. Lakini hii ni faiba, haivimbi. Na ukiona boti ya faiba imevimba mahali, ujue plaiwudi iliyomo ndani imeshaanza kuoza.

Nahodha_Kizingitini

Marahaba. Basi hizo boti zenu za plastiki mimi sina la kusema.

Kaka_wa_Bara

Mimi niko Nairobi, nina kaboti Naivasha. Nunua pampu kubwa zaidi pamoja na betri ya pili, maisha yaendelee. Kila boti inavuja kidogo.

FundiFaiba_Mld

Kaka wa Bara, kwa heshima, hapana. Pampu ya galoni 500 kwa saa maana yake ni kama lita 31 kwa dakika, na hizo ni hesabu za maji yasiyopandishwa juu, waya mpya na betri iliyojaa. Sasa chukua tundu la milimita 25, upana wa kizibo cha kawaida, likiwa sentimita 30 chini ya maji. Linaingiza lita 40 hivi kwa dakika. Hapo pampu imeshashindwa, na hujafika kwenye fyuzi iliyoungua. Pampu inakupa muda wa kufika pwani, ufa hauujui. Na mtu mwenye abiria saba hana ruhusa ya kusema "inavuja kidogo". Ukija ukaguzi wa leseni utaambiwa hivyohivyo.

Kidau, mimi ni fundi wa faiba hapa Malindi, boti zilizotumika nimezipasua nyingi. Kosa lako si la uvivu, umefanya kazi kubwa. Kosa ni kwamba umeziba kabla ya kujua. Sasa kila skurubu ina silikoni, na silikoni ina tabia mbaya: hata ukiikwangua inaacha utando ambao gundi nyingine haishiki. Acha kupaka. Kwanza tuulize maji yanaingia LINI, mahali tutapajua baadaye.

Boti ikisimama tu nangani usiku kucha, inaingia? Ikisimama na mzigo? Ikikimbia? Hizo ni boti tatu tofauti. Ikisimama tupu, imezama kiasi fulani na hakuna zaidi. Ukipakia watu, matundu yaliyokuwa hewani yanaingia majini: tundu la kutolea maji ya pampu ubavuni, mashimo ya kupitishia nyaya za usukani, ule mfereji wa mbele ya mashine. Ikikimbia mambo yanageuka kabisa. Boti ikipanda na kuteleza juu ya maji, maji huachana na ubao wa tezi, nyuma kunabaki hewa. Kwa hiyo tundu la tezini linanyamaza, wakati ufa wa chini ya tumbo unasukumiwa maji kwa nguvu na kila wimbi linaukunjua.

Sasa fanya hivi. Usiku wa kwanza boti tupu, pampu imezimwa kabisa, ngama imekaushwa kwa sponji. Usiku wa pili ongeza mitungi ya maji tezini, ya lita 20, kumi. Hiyo ni kilo 200, kama abiria watatu. Siku ya tatu kimbia dakika 20 ukiwa peke yako, halafu dakika 20 nyingine polepole. Kila mara fua maji ukiyapima kwa chupa, usikadirie kwa macho. Utuletee namba.

Mama_Samaki_Amu

Na kabla ya hayo yote angalia jaketi za kuokolea ziko ngapi. Mimi hupanda hizi boti kila siku na ndoo zangu za samaki.

Kidau_Shela

Mama, ziko kumi na mbili na zote nimezihesabu baada ya ile Alhamisi.

Fundi, namba hizi hapa. Zimenichukua siku tano kwa sababu siku mbili kaskazi ilikuwa kali sikutaka kudanganyika na mawimbi yanayorukia ndani.

Usiku tupu: nusu lita.
Usiku na mitungi kumi: lita 31! Nilidhani nimekosea, nikarudia, 29.
Mbio dakika 20: lita 6.
Polepole dakika 20: sikupata hata ya kujaza glasi.

Sielewi. Ikisimama na mzigo inavuja, ikikimbia tupu inavuja, ikienda polepole tupu haivuji?

FundiFaiba_Mld

Unaelewa, ila hutaki kukubali. Una mivujo miwili.

Huu wa mzigo naomba nibahatishe. Tundu la kutolea maji ya pampu liko juu ya maji kiasi gani boti ikiwa tupu?

Kidau_Shela

Vidole vinne. Alifunga fundi aliyeniuzia pampu.

FundiFaiba_Mld

Na ukipakia watu?

Kidau_Shela

...

Lipo chini ya maji.

Wallahi sikuwahi kuliangalia boti ikiwa imejaa. Ikijaa mimi niko nyuma nashika usukani.

FundiFaiba_Mld

Pampu hizi ndogo nyingi hazina mlango wa kuzuia maji kurudi. Ikizima, paipu ni njia wazi. Tundu likizama, maji yanarudi kwa njia ileile mpaka ngamani, pampu inawaka, inayatoa, inazima, yanarudi. Ndiyo maana betri ilikufa. Ziba hilo tundu kwa kipande cha mti na kitambaa, rudia usiku wa mitungi.

Kidau_Shela

Nusu lita.

Yaani pampu niliyoinunua kutoa maji ndiyo iliyokuwa ikiyaleta.

Bamvua

😂😂 Chemchemi kweli. Yule mama aliona mbali.

Kaka_wa_Bara

Naondoa ushauri wangu wa pampu kubwa.

FundiFaiba_Mld

Pandisha tundu mpaka shibiri moja chini ya ukingo wa juu, na paipu iende juu moja kwa moja, isiwe na tumbo linaloning'inia. Lile la zamani lizibwe kwa faiba, si kwa silikoni tafadhali. Huo wa kwanza umekwisha.

Wa pili uko chini ya tumbo, na ni ufa unaofunguka boti ikijikunja. Hapo namba haziwezi kutuonyesha mahali. Inabidi kuigeuza kazi: badala ya kutafuta maji yanapoingilia, tia maji ndani uone yanapotokea. Ukiwa na trela ni rahisi. Angalizo: usijaze. Mita moja ya ujazo wa maji ni kilo 1,000, na boti imeumbwa kubanwa na maji kutoka nje, haikuumbwa kubeba bahari ndani. Shibiri moja tezini inatosha.

Kidau_Shela

Trela huku sina. Na maji ya bomba ya kumwaga hivyo, Shela, mke wangu atanifukuza.

MjukuuWaMatondoni

Kaka, nimemsomea babu uzi wote. Amecheka sana kwenye pampu. Anasema ilete Matondoni bamvua ijayo (maji makubwa), trela ni lenu nyinyi vijana, yeye ana maji kupwa. Na maji ya bomba ya nini, bahari yote ile?

Alisema jambo lingine pia, nalinukuu kwa Kiamu chake: "Mai hayana ndia moya, mwanangu."

Kidau_Shela

Mpe salamu. Naja.

Kidau_Shela

Wadau, nimerudi. Samahani kwa ukimya wa siku nane. Kaeni vizuri, hii ni ndefu.

Tulifika Matondoni jioni ya bamvua, maji yamejaa, tukaisogeza boti mpaka karibu na pale wanapojengea majahazi. Mzee alikuwa ameandaa magadi ya mikoko, manne. Maji yalianza kupwa alfajiri. Mkuku, uti wa chini wa boti, ulipogusa mchanga tukategemeza magadi pande mbili isilale ubavu. Sasa hapa ndipo mzee alipoonyesha akili. Maji ya nje yalipobaki usawa wa goti pale tezini, akaniambia: chomoa kizibo.

Nikamwangalia. Miezi miwili nahangaika kuyatoa, leo niyaingize kwa mkono wangu?

Nikachomoa. Yakaingia taratibu yenyewe. Yalipofika kina cha shibiri moja ndani akasema, rudisha. Nikakaza kizibo. Hakuna ndoo, hakuna bomba. Bahari ikajipakia, kisha ikaondoka zake ikatuachia boti yenye maji juu ya mchanga mkavu. Mjukuu akatia buluu ya kufulia nguo, pakiti mbili, akakoroga kwa kasia. Ngama ikawa kama wino.

Kaka_wa_Bara

Swali la mtu wa bara: magadi ya nini? Mlikuwa mnapika maharage?

MjukuuWaMatondoni

😂 Gadi, magadi. Ni nguzo za kutegemeza chombo kilichopwelewa. Yale ya maharage ni mengine.

Kidau_Shela

Naendelea. Saa tatu asubuhi tulichimba mchanga chini ya tezi mpaka mtu akaweza kulala chali chini ya boti. Tukakausha tumbo lote kwa matambara, jua likasaidia. Kisha tukapaka unga wa ngano, mkavu, kwa brashi ya rangi, mkuku mzima na futi tatu kila upande. Pale tezini kulikuwa na matundu mawili ya skurubu yaliyozibwa, ya kile kifaa cha kupimia kina ambacho bwana wa Malindi alikiondoa. Mimi na mjukuu tukawekeana dau kwamba ni hapo. Unga uliozunguka matundu ukabaki mweupe pee.

Dakika arobaini hatukuona kitu. Nikaanza kuwaza labda niliota zile lita sita.

Mzee alikuwa ameketi kivulini anasuka kamba. Akasema bila kuinua kichwa: panda juu, tembea tezini, uruke kidogo. Nikapanda. Nikaruka mara mbili, si kwa nguvu. Mjukuu aliyekuwa chini akapiga kelele.

Nilipoingia chini nikaona. Pembeni kidogo ya mkuku, futi tatu na nusu hivi kutoka tezi, kwenye ule unga mweupe palikuwa na mstari wa buluu mwembamba kama uzi wa cherehani. Haukuwa ukidondosha. Ulikuwa tu umejichora, urefu wa shibiri, na kila nikimwambia mjukuu aende akaruke juu, uzi unanenepa, tone moja linajikusanya, linabaki pale linatetemeka. Kisha anashuka na uzi unakauka. Nimekaa chini pale nikiutazama kama mtu aliyepata pete yake mtaroni.

FundiFaiba_Mld

Hapo hukaa roli ya trela, kile kigurudumu kinachobeba boti. Ulikwangua?

Kidau_Shela

Nilikwangua. Juu rangi mpya. Chini ya rangi, fila. Ile ya kurekebishia magari, nyekundunyekundu, nene kama biskuti. Iling'oka kwa kisu cha jikoni, na nyuma yake ilikuwa na unyevu. Chini ya fila ufa wa sentimita 22 kwa upimaji wa rula, faiba yake imeshakuwa nyeusi.

Kwa hiyo kuna mtu aliujua ufa huu kabla yangu. Aliona, akapaka fila, akapiga rangi inayong'aa, akanichukua pesa zangu kwa kunipa mkono na kuniombea baraka. Nilimpigia simu. Akasema boti ilitoka kwake nzima. Nikakata.

Bamvua

Rangi mpya kwenye boti kuukuu huwa naogopa kuliko rangi iliyochunika.

Mama_Samaki_Amu

Pole mwanangu. Jamani watu.

FundiFaiba_Mld

Pole. Fila ile hunywa maji kama sponji, haifai chini ya maji hata siku moja. Sasa usiharakishe, kwa sababu hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri.

Ondoa weusi wote kwa grainda mpaka ufike faiba safi, hata kama ufa utakuwa tundu. Vaa barakoa ya vumbi, lile vumbi likiingia kifuani halitoki. Osha kwa maji matamu, mara kadhaa, maana chumvi ikibaki ndani itavuta unyevu daima. Kisha iache ikauke. Siku, si saa. Bahati yako ni kaskazi na jua la kutosha.

Kingo zichongwe mteremko mrefu. Faiba yako hapo ina unene gani? Kama ni milimita 6, mteremko uwe sentimita 7 hivi kila upande, yaani mara 12 ya unene. Watu huchonga kidogo, wanaweka kiraka kama cha suruali, baada ya miezi kinabanduka kizima.

Kwa kiraka juu ya faiba ya zamani mimi hupendelea epoksi, inashika zaidi kuliko polista. Lakini ukitumia epoksi usinunue ule mkeka wa nyuzi zilizokatwa ovyo. Gundi inayoushikilia huyeyushwa na polista, epoksi haiiyeyushi vizuri. Chukua kitambaa cha faiba kilichofumwa. Na changanya kidogokidogo. Kwa joto la huko Amu ikikaa kwenye kopo itachemka na kuganda kabla hujageuka.

Nahodha_Kizingitini

Sisi pamba, nyundo na mafuta ya sifa (ya samaki), jioni uko baharini. 

MjukuuWaMatondoni

Mzee, babu amesema hayohayo.

Kidau_Shela

Mrejesho, wiki tatu baadaye.

Nilichonga, nikaosha, nikakausha siku sita chini ya makuti ya mzee, maji ya bamvua hayafiki. Asubuhi ya saba nikabandika karatasi ya nailoni juu ya pale nilipochonga, nikaifunga kingo zote kwa utepe, nikaiacha kutwa. Haikutoa jasho ndani. Ndipo nikaweka kitambaa tabaka saba, na ndani ya ngama tabaka mbili nyingine juu ya mahali palepale. Kopo la kwanza la epoksi lilinichemkia mkononi kama Fundi alivyosema, nikalitupa mchangani likifuka moshi, watoto wakafurahi. Yaliyofuata nilichanganya kiasi cha kikombe cha kahawa.

Tundu la pampu sasa liko juu. La zamani limezibwa kwa faiba.

Jana nimekimbia Shela mpaka Mokowe na kurudi, peke yangu, pampu imezimwa. Nikainua ubao. Sponji ilitoka kavu. Nikasema labda ni kwa sababu sina mzigo. Leo nimebeba watu wanane na magunia mawili ya viazi, safari nne. Sponji imetoka na maji ya kujaza kijiko, na hayo nimeyaonja: matamu. Kuna mtu alimwaga chupa yake.

Fundi, nakudai unitumie namba ya akaunti nikutumie japo ya kahawa.

FundiFaiba_Mld

Kahawa nitainywa nikija Amu, utanivusha bure. Ila miezi miwili ya mwanzo uwe unainua ule ubao kila jioni.

Mama_Samaki_Amu

Leo nilikuwa kwenye hiyo safari ya viazi. Viatu vyangu vilikuwa vikavu.

MjukuuWaMatondoni

Kaka hongera. Babu anauliza magadi yake manne utayarudisha lini, kuna jahazi linasubiri.

Kidau_Shela

Ya Rabi, yako uani kwangu yameanikiwa nguo. Kesho maji yakijaa nayaleta.